HESABU YA KURA NA AMANI YA NCHI: FUNZO LA GHANA KWA WANAUSHIRIKA

Hotuba kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi



Kila katibu wa chama cha msingi anajua kwamba mkulima anaweza kuvumilia bei ndogo kuliko mizani asiyoiona. Bei ikishuka atanung'unika, lakini msimu unaofuata ataleta tena mazao yake. Mizani ikiwekwa nyuma ya ukuta, hata bei iliyo nzuri haitamtuliza, kwa maana hana njia ya kujua kama alicholeta ndicho kilichoandikwa. Uchaguzi wa nchi una tabia hiyo hiyo. Mgombea na wafuasi wake wanaweza kukubali kushindwa. Wasichoweza kukubali ni hesabu iliyofanyika mahali wasipoona, ikaandikwa na mkono wasioujua.

Shabaha ya maelezo haya ni kuonyesha jinsi nchi moja ya Afrika, Ghana, ilivyotoka katika mapinduzi ya mara kwa mara ikafikia uchaguzi ambao aliyeshindwa hukubali matokeo, na ni sehemu gani ya kazi hiyo iliyofanywa na wananchi waliojiunga katika vyama vyao vya hiari: makanisa, jumuiya za Waislamu, vyama vya wafanyakazi, vya walimu, vya wanasheria na vinginevyo. Ghana imechaguliwa kwa sababu inafanana na nchi nyingi za wakulima. Kwa muda mrefu fedha yake ya kigeni imetegemea kakao, na kakao hiyo hutoka katika mashamba ya wakulima wadogo. Tena ushirika wake umewahi kupata misukosuko ambayo wanaushirika wa huku wanaifahamu vizuri.

NCHI ILIYOPITA NJIA NYINGI

Ghana ilipata uhuru tarehe 6 Machi 1957, chini ya Kwame Nkrumah. Katika miaka michache ya mwanzo vyombo vya wananchi vilianza kuvutwa kimoja kimoja chini ya chama kilichotawala. Mwaka 1961 Baraza la Wakulima, lililofungamana na chama hicho, lilipewa haki ya pekee ya kununua kakao, na vyama vya ushirika vilivyokuwa vikiuza mazao ya wanachama wake vikakosa kazi. Mwaka 1964 ilipigwa kura ya maoni ya kuifanya nchi iwe ya chama kimoja, na ikatangazwa kwamba karibu wapiga kura wote walikubali. Tarehe 24 Februari 1966 jeshi liliiondoa serikali. Chama kilichodaiwa kukubaliwa na karibu watu wote hakikupata watu wa kukitetea.

Mambo haya yanafaa kutafakariwa na wanaushirika popote walipo. Chama cha wananchi kinapogeuzwa kuwa tawi la serikali, serikali hupoteza sikio na wananchi hupoteza mdomo. Wanaushirika wa Tanzania nao waliona vyama vyao vikuu vikivunjwa mwaka 1976, na ikabidi itungwe sheria ya mwaka 1982 ili virudi.

Baada ya 1966 Ghana ilipata serikali ya kiraia mwaka 1969. Jeshi liliipindua Januari 1972. Jenerali Acheampong, aliyeongoza mapinduzi hayo, alipendekeza serikali ya muungano wa wanajeshi, polisi na raia, isiyokuwa na vyama vya siasa. Wananchi waliulizwa maoni yao kwa kura Machi 1978. Kabla ya hapo madaktari, wanasheria, wahandisi na wataalamu wengine walikuwa wamekwisha kugoma kwa pamoja mwaka 1977, wakidai utawala urudishwe kwa raia, na wanafunzi wa vyuo vikuu walikuwa upande wao. Siku ya kura, askari walifika katika ofisi ya Kamishna wa Uchaguzi, Jaji Isaac Abban, naye akalazimika kujificha kwa kuhofia maisha yake. Matokeo yalitangazwa kwamba serikali imeshinda. Julai mwaka huo huo maofisa wenzake Acheampong walimwondoa madarakani. Mapinduzi mengine yalifuata Juni 1979, kisha tarehe 31 Desemba 1981, yote mawili yakimpandisha Luteni Jerry Rawlings.

Hapana budi kutambua kwamba katika miaka hiyo yote Ghana haikukosa kura. Watu walipiga kura mara nyingi. Kilichokosekana ni hesabu ambayo upande ulioshindwa ungeweza kuikagua.

MASANDUKU YANAYOONEKANA NDANI

Katiba mpya ilikubaliwa kwa kura ya maoni Aprili 1992, na uchaguzi wa Rais ukafanyika tarehe 3 Novemba mwaka huo. Rawlings alitangazwa mshindi kwa zaidi ya asilimia 58. Wapinzani walikataa matokeo, wakachapisha kitabu kueleza madai yao kwamba kura ziliibwa, na wakasusia uchaguzi wa Bunge uliofanyika Desemba. Bunge la kwanza likawa karibu la upande mmoja: katika viti 200, chama cha Rais peke yake kilipata 189. Nchi ilikuwa na katiba, lakini nusu ya siasa yake ilibaki nje ya mlango.

Kilichofanyika kati ya 1993 na 1996 ndicho kiini cha funzo hili. Tume mpya ya Uchaguzi iliundwa mwaka 1993, chini ya uenyekiti wa Dakta Kwadwo Afari-Gyan. Mwaka 1994 Tume iliunda kamati ya kukutana na vyama vyote vya siasa kwa utaratibu wa kawaida. Katika kikao hicho wapinzani waliweza kuuliza kuhusu daftari, karatasi za kura na masanduku, wakajibiwa kabla ya uchaguzi. Mwaka 1995 daftari la wapiga kura liliandikwa upya. Uchaguzi wa Desemba 1996 ulitumia masanduku ya kura yanayoonekana ndani, ili kila mtu aliyepo kituoni ajionee kwamba sanduku ni tupu asubuhi na linajaa kwa haki mchana. Kura zilihesabiwa hapo hapo kituoni, mbele ya mawakala wa vyama na wananchi. Mawakala walitia sahihi fomu ya matokeo, na kila mmoja akaondoka na nakala yake.

Nakala hiyo ndiyo iliyobadilisha siasa ya Ghana. Chama chenye mawakala waaminifu katika kila kituo kinaweza kujumlisha hesabu yake chenyewe. Hakihitaji kuamini neno la Tume, na Tume haiwezi kutangaza tarakimu nyingine bila kuulizwa ilikozitoa. Ni kama mkulima anayetoka ghalani akiwa na stakabadhi mfukoni.

Mwaka huo vyama vya hiari navyo viliingia kazini. Mtandao wa waangalizi wa ndani, uliokusanya mashirika mengi ya dini, ya wafanyakazi na ya kitaaluma, ulipeleka waangalizi zaidi ya 4,000 vituoni. Rawlings alishinda tena, safari hii kwa zaidi ya asilimia 57, na wapinzani waliokataa matokeo ya 1992 wakaingia Bungeni. Miaka minne baadaye, Rawlings alipokuwa amemaliza vipindi vyake viwili, John Kufuor wa upinzani alishinda katika duru ya pili ya tarehe 28 Desemba 2000, na Januari 2001 chama kilichokuwa madarakani kilikabidhi serikali kwa amani.

KURA 40,586

Mtihani mkubwa zaidi ulikuja mwaka 2008. Katika duru ya kwanza, tarehe 7 Desemba, Nana Akufo-Addo wa chama tawala alipata asilimia 49.13, na John Atta Mills wa upinzani asilimia 47.92. Hakuna aliyevuka nusu, kwa hiyo wakarudiana tarehe 28 Desemba. Hesabu ilipokaribia mwisho wagombea walikuwa wamekaribiana mno hata jimbo moja, Tain, ambalo halikuwa limepiga kura siku hiyo, likawa ndilo linalongojwa na nchi nzima. Tain ilipiga kura tarehe 2 Januari 2009. Mills alitangazwa mshindi kwa kura 4,521,032 dhidi ya 4,480,446, yaani kwa tofauti ya kura 40,586 katika milioni tisa.

Katika siku hizo za kungoja makundi ya wafuasi yalikusanyika mbele ya ofisi za Tume mjini Accra, na redio zilieneza uvumi wa kila namna. Nchi nyingine zimeingia vitani kwa tofauti kubwa kuliko hiyo. Kenya, kwa mfano, ilikuwa imetoka tu katika umwagaji damu uliofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ambapo watu zaidi ya 1,000 waliuawa. Ghana ilivuka kwa sababu kadhaa. Viongozi wa dini na wa jadi walizungumza na wagombea faraghani, na Baraza la Taifa la Amani, lililoongozwa wakati huo na Kardinali Peter Turkson, lilikuwa na heshima ya pande zote. Lakini pamoja na nasaha hizo palikuwapo kitu kingine ambacho nasaha peke yake haziwezi kukitoa, nacho ni hesabu ya pili.

Muungano wa waangalizi wa ndani ulioundwa mwaka 2000 ulikuwa umepeleka watu wake kiasi cha 4,000 nchini kote. Wengi walitazama mwenendo wa uchaguzi kwa jumla. Wengine waliwekwa katika vituo zaidi ya elfu moja vilivyochaguliwa kwa bahati nasibu ya kitakwimu, si kwa upendeleo wala kwa urahisi wa barabara. Kila mmoja alikaa kituoni tangu kufunguliwa hadi kuhesabu, akatuma tarakimu zilizotangazwa hapo. Atakayeshangaa jinsi vituo elfu moja vinavyoweza kusema habari ya vituo zaidi ya elfu ishirini na akumbuke bambo la mnunuzi wa nafaka. Mnunuzi hamwagi magunia yote chini. Huchoma gunia hapa na pale, akaona yaliyomo. Akichagua magunia bila hila, punje chache humweleza hali ya shehena nzima.

Makadirio ya waangalizi yalikubaliana na matokeo ya Tume. Maana yake ni kwamba chama tawala, kilichokuwa na majeshi na hazina mikononi, kiliambiwa na watu wasiokuwa wa upande wowote kwamba kimeshindwa kweli. Tarehe 7 Januari 2009 Kufuor alikabidhi madaraka.

Hata hivyo isidhaniwe kwamba bambo linamaliza kila jambo. Bambo huonyesha kilichomo guniani. Halisemi kama gunia lilijazwa kwa haki. Ndiyo maana mwangalizi alitakiwa kuandika pia sanduku lilifunguliwa saa ngapi, lilionyeshwa tupu au halikuonyeshwa, mawakala wa nani walikuwapo, na nani alifukuzwa.

KARATASI ZA RANGI YA WARIDI

Sehemu inayofuata inawahusu makatibu kwa namna ya pekee. Mwaka 2012 John Mahama alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.70. Chama cha Akufo-Addo hakikuridhika, na mwisho wa Desemba kilipeleka shauri Mahakama ya Juu. Ushahidi wake mkubwa ulikuwa nakala za fomu za matokeo ya vituo, ambazo zilikuwa za rangi ya waridi. Katiba ya Ghana inaagiza kwamba msimamizi wa kituo na mawakala watie sahihi fomu hiyo. Walalamikaji walidai kwamba katika maelfu ya vituo, kati ya 26,002 vilivyokuwapo, palikuwa na kasoro: fomu zisizo na sahihi ya msimamizi, fomu zenye nambari moja, kura zilizozidi idadi ya watu, na watu waliopiga kura bila kutambuliwa kwa mashine ya alama za vidole.

Shauri lilidumu miezi minane. Majaji tisa walilisikiliza, na wananchi wakalifuatilia moja kwa moja katika televisheni na redio. Karatasi zilikuwa nyingi hata ikabidi mahakama iite kampuni ya wakaguzi wa hesabu izihesabu. Tarehe 29 Agosti 2013 shauri lilitupwa. Akufo-Addo alisema hakubaliani na hukumu, lakini anaipokea, na siku hiyo hiyo akampigia Mahama simu kumpongeza. Mwaka 2016 yeye mwenyewe alishinda, na Mahama, akiwa Rais, alikiri kushindwa kabla matokeo hayajatangazwa rasmi.

Katika shauri hilo taifa zima lilining'inia miezi minane, na sehemu kubwa ya mjadala ilikuwa juu ya msimamizi wa kituo aliyesahau kutia sahihi, au aliyeandika tarakimu katika nafasi isiyo yake. Wasimamizi hao walikuwa watu wa kawaida, waliochoka baada ya kazi ya siku nzima, wakiandika kwa mwanga wa taa ndogo usiku. Majaji wenyewe walionyesha haja ya kurekebisha utaratibu wa fomu na mafunzo. Kosa dogo la kalamu linaweza kusamehewa na mahakama, lakini hugharimu imani ya watu, na imani hiyo hairudi kwa hukumu peke yake.

NYUFA ZILIZOPO

Ghana isisifiwe kupita kiasi. Vikundi vya vijana wenye nguvu, wanaotumwa na vyama, vimeleta fujo hata ikabidi itungwe sheria ya kuvipiga marufuku mwaka 2019. Katika uchaguzi wa 2020 watu walikufa kwa risasi katika vurugu za kituo cha kujumlishia kura cha Techiman South. Mwaka 2024 baadhi ya vituo vya kujumlishia vilivamiwa, mashauri yakafika mahakamani, na jimbo la Ablekuma North halikupata mbunge hadi Julai 2025, baada ya kura kurudiwa katika vituo 19.

Mtu makini ataona kwamba nyufa hizi zimetokea mahali pamoja. Kituo cha kupigia kura kimewekwa wazi, kwa hiyo anayetaka kuharibu amehamia pale tarakimu za vituo vingi zinapojumlishwa. Ukiziba tundu la kwanza, panya hutafuta la pili. Ulinzi wa hesabu hauna siku ya kukamilika.

Hata hivyo uchaguzi huo wa Desemba 2024 ulitoa ushuhuda mwema. Asubuhi iliyofuata kura, kabla Tume haijatangaza, mgombea wa chama tawala, Dakta Mahamudu Bawumia, alikiri kwamba Mahama ameshinda, akaeleza kwamba amejua hivyo kutokana na majumlisho ya chama chake mwenyewe. Nakala zilizobebwa na mawakala wake ndizo zilizomwambia ukweli. Tangu 1992 Ghana imefanya chaguzi kuu tisa, na mara nne, yaani 2001, 2009, 2017 na 2025, chama kilichokuwa madarakani kimekabidhi serikali kwa wapinzani wake.

WAJIBU WA VYAMA VYA MSINGI

Je, haya yanamhusu nini mwanachama wa ushirika? Yanamhusu kwa sababu mwangalizi, wakala na msimamizi wa kituo hawateremki kutoka mbinguni. Hutoka vijijini, na mtu hujifunza kuhesabu kwa haki katika mambo madogo kabla hajakabidhiwa makubwa. Huko Ghana kwenyewe, biashara ya ununuzi wa kakao ndani ya nchi ilipofunguliwa, wakulima waliunda mwaka 1993 chama chao kiitwacho Kuapa Kokoo. Malalamiko yao ya zamani yalikuwa mizani ya makarani wa ununuzi. Katika chama hicho, wakulima wa kila kijiji humchagua mwenzao wa kupima kakao na kuandika uzito, naye hupima mbele ya mwenye mali. Mkulima aliyezoea kusimama karibu na mizani hiyo hatakubali kwa urahisi kuambiwa asimame mbali na sanduku la kura.

Ushirika hauna haja ya kuingia katika siasa za vyama ili kuitumikia demokrasia. Kanuni ya mwanachama mmoja kura moja ni ya ushirika tangu siku za Rochdale, mwaka 1844. Inayodaiwa ni kutekelezwa. Kwa hiyo kila chama cha msingi kinapaswa kujipima kwa mambo haya:

Kwanza, daftari la wanachama lisahihishwe kabla ya mkutano mkuu, majina ya marehemu na ya waliohama yaondolewe, na libandikwe mahali ambapo kila mwanachama anaweza kulisoma na kutoa pingamizi. Daftari linalofunguliwa siku ya uchaguzi tu ni mwanzo wa ugomvi.

Pili, uchaguzi wa halmashauri uwe wa siri katika kupiga na wa wazi katika kuhesabu. Sanduku lionyeshwe tupu. Kura zihesabiwe ukumbini, mbele ya wanachama, wala zisichukuliwe kwenda ofisini.

Tatu, matokeo yaandikwe papo hapo kwa tarakimu na kwa maneno, yatiwe sahihi na msimamizi na wawakilishi wa wagombea, na kila mgombea apewe nakala. Asiyetaka kutia sahihi aandike sababu zake. Nakala moja ibandikwe mlangoni.

Nne, wajumbe wanaotoka katika vyama vya msingi kwenda kwenye mkutano wa chama kikuu wachukue nakala zao, na hesabu za chama kikuu zisomwe chama kwa chama, si kwa jumla peke yake. Ghana imeonyesha kwamba ni katika kujumlisha ndipo tarakimu hupotelea.

Tano, malalamiko yawe na njia na muda. Mwanachama asiyeridhika ajue amwandikie nani, ajibiwe lini, na akikataliwa aende wapi. Asiyekuwa na mahali pa kupeleka shauri lake atalipeleka barabarani.

Wapo watakaosema kwamba taratibu hizi zinachelewesha kazi, na kwamba wanachama wanajuana, hawana haja ya karatasi. Jibu ni kwamba karatasi huandikwa wakati watu wangali wanaaminiana, ili iwepo siku watakapoacha kuaminiana. Mwaka 1996 Waghana hawakujua kwamba miaka kumi na miwili baadaye nchi yao ingengojea jimbo moja dogo. Nakala zilikuwa zimekwisha kuzoeleka, mawakala walikuwa wamekwisha kujifunza, na waangalizi walikuwa wamekwisha kujipatia jina la uaminifu. Mambo hayo hayapatikani katika wiki ya mwisho.

Inashauriwa basi kwamba kila katibu aweke suala la daftari na fomu ya matokeo katika ajenda ya kikao kijacho cha halmashauri, na kwamba fomu hiyo iandaliwe na kuonyeshwa kwa wanachama kabla majina ya wagombea hayajajulikana. Utaratibu uliokubaliwa kabla ya kujulikana nani atafaidika nao ndio ambao hata atakayeshindwa hatakuwa na sababu ya kuukataa.